Mwanamume Kamili wa Tarafa ya Riamogeni

Ijulikane kwa wote, wake kwa waume, kwamba katika mwaka wa 1972 Serikali iliamua kuipatia Tarafa ya Riamogeni mwanamume kamili.

Uamuzi huo ulitangazwa barazani, mbele ya ofisi ya tarafa, asubuhi ya manyunyu. Aliyeutangaza ni Bwana Manasseh, Mkuu wa Tarafa, aliyevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa karibu kusimama yenyewe. Nyuma yake alisimama Abner Nyangau, Afisa wa Michezo, ambaye kazi yake siku za baraza ilikuwa kuyageuza maneno ya mkubwa wake kutoka Kiswahili kwenda Ekegusii, na kuyapunguza pale yalipozidi.

"Kuna mchezo unaoitwa dekathloni," alisema Bwana Manasseh. "Mtu mmoja anashindana katika michezo kumi kwa siku mbili. Anakimbia, anaruka, anatupa. Akishinda anaitwa mwanamume kamili. Mkoa umeagiza kila tarafa itoe wa kwake. Sisi tutamtoa kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Hili si ombi."

Nyangau alitafsiri. Watu walilitafuna jambo hilo. Kisha mama mmoja mwuza ndizi, Drusilla, akainua mkono.

"Bwana Mkuu, tumeshukuru. Lakini kama mwanamume kamili anakuja mwezi wa nane, hawa tulio nao nyumbani ni nini?"

Wanawake waliangua kicheko mpaka wengine wakashika miti. Bwana Manasseh hakucheka.

"Swali hilo ni zito," alisema. "Litaundiwa kamati."

Na kweli kamati iliundwa. Iliitwa Kamati ya Muda ya Ukamilifu, Bwana Manasseh akiwa mwenyekiti na Nyangau katibu. Nyangau aliupokea ukatibu huo kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu aliyeiamini Serikali kama wakulima wa huku wanavyoiamini mvua: huenda ikachelewa, huenda ikaja na mawe, lakini haiwezi kuwa imekosea. Alikuwa Afisa wa Michezo kwa muda mrefu, akiwa na mpira mmoja wenye pancha, na ndoto yake ilikuwa kuhamishiwa Kisii mjini, kwenye ofisi yenye mlango unaofunga. Dekathloni, alijiambia, ndiyo ngazi aliyokuwa akiingojea.

Zawadi ya mshindi ililetwa mapema: ng'ombe wa gredi, mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kikubwa kama mtungi. Mkoa ulisema akabidhiwe mshindi siku ya mwisho. Kwa usalama wake, Bwana Manasseh aliamuru afungwe nyumbani kwake. Tangu siku hiyo chai ya Mkuu wa Tarafa ilibadilika rangi, na mashavu ya Mkuu wa Tarafa nayo yakaanza kung'aa.

Vifaa vilikuwa shida. Mkoa ulikuwa umeahidi tufe la chuma na kisahani, na Mkoa ukiahidi kitu ni kama umeshakileta, kwa hiyo haukukileta. Kamati ikaagiza vitu hivyo kutoka kijiji cha Tabaka, kwa wachonga mawe. Fundi aliambiwa kwamba ofisi inataka kitu cha duara, kizito, cha kushikika mkononi, na kingine kama sahani. Alichonga kwa bidii. Lakini fundi wa Tabaka hawezi kuliacha jiwe likiwa jiwe tu. Tufe lilipofika lilikuwa kiboko aliyejikunja, mwenye masikio mawili na tabasamu. Kisahani kilikuwa na samaki katikati.

Nyangau alimgeuzageuza yule kiboko juu ya meza. "Bwana Mkuu, hili ni tufe kweli?"

"Lina uzito?"

"Linao."

"Basi ni tufe. Andika: tufe lenye masikio."

Viunzi vya kuruka vilitengenezwa kwa vigogo vya migomba. Upondo wa kurukia juu ukakatwa mtoni, mwanzi mrefu uliopinda kidogo kama mtu anayekuuliza jambo. Chini yake pakarundikwa majani ya migomba na maranda ya mbao, kwa heshima ya mgongo wa mshiriki.

Vijana wengi walikuja kuuona huo mwanzi. Waliutazama juu, wakayatazama majani chini, wakaulizana, "Yaani mtu anapanda huku, halafu anajiachilia? Kwa hiari yake?" Wakarudi zao shambani. Mwisho walibaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Obwocha, dereva wa Landirova ya Bwana Manasseh, pande la mtu, shingo kama kinu. Haikusemwa waziwazi, lakini kila mtu alielewa kwamba Obwocha akishinda, ng'ombe hatahitaji kuhama. Wa pili alikuwa Okemwa, mkulima wa majani chai, mrefu, mwenye miguu ya swala. Huyu alikuwa na haja. Baba yake Persis, msichana aliyemposa, alikuwa amemwambia maneno mafupi: "Mimi sitaki barua. Nataka nione kwato uani." Na wa tatu alikuwa Benard Odero, fundi wa magari kule Keroka, mtu wa ziwani aliyekuja kutafuta kazi akakaa. Dada yake Anyiko alikuwa amejifungua, maziwa yake hayatoshi, na Odero alikuwa akizunguka kila asubuhi na chupa akiomba ya kununua.

Kamati ilipokutana kupanga siku, ndipo mambo yalipochacha. Mgeni Rasmi kutoka mkoani angeweza kufika Jumapili tu. Michezo ni ya siku mbili. Kwa hiyo ingekuwa Jumamosi na Jumapili, michezo mitano kila siku.

Okemwa alikuja ofisini siku hiyohiyo, kofia mkononi. "Bwana Nyangau, mimi ni Msabato. Jumamosi sitoi mguu nyumbani ila kwenda kanisani. Hata ng'ombe akiwa na pembe za dhahabu."

Kabla jasho la Nyangau halijakauka, akaingia Odero, mikono imejaa grisi. "Bwana Afisa, Jumamosi niko. Lakini Jumapili padri anakuja kumbatiza mtoto wa Anyiko, na mimi ndiye msimamizi. Huyo padri tumemngoja tangu mvua ile nyingine. Siwezi kumwambia Mungu angoje kidogo naruka mwanzi."

Nyangau alimpelekea Bwana Manasseh habari hizo akitetemeka. Bwana Manasseh hakutetemeka. Alikunywa chai yake nyeupe.

"Kwa hiyo Jumamosi Okemwa hayupo. Jumapili Odero hayupo. Obwocha yupo siku zote mbili. Mimi sioni tatizo, Nyangau. Mimi naona mshindi."

"Lakini, Bwana Mkuu, agizo linasema lazima washiriki wanaoingia michezo yote kumi wawe wawili au zaidi. Akiwa mmoja, mashindano yanafutwa, na ng'ombe anarudi mkoani."

Kikombe cha Bwana Manasseh kilisimama njiani. "Anarudi?"

"Na Mgeni Rasmi atakuja Jumapili akute hakuna kitu."

"Nyangau," alisema Bwana Manasseh polepole, "nitafutie mshiriki wa pili. Ukikosa, nitakutafutia wewe kituo kingine, mahali ambapo hata mpira wenye pancha haujafika."

Jioni hiyo Nyangau alifika kwake akiwa amenywea. Mkewe Bochaberi alikuwa akipepeta wimbi. Alimsimulia yote, kutoka padri mpaka ng'ombe, naye Bochaberi akasikiliza bila kuacha kupepeta.

"Baba Bosibori," alisema mwishowe, "kwani nyinyi watu wa ofisi mnashindwa na nini? Mmoja yuko Jumamosi, mwingine yuko Jumapili. Waungeni muwaite mtu mmoja. Si mlimwita kiboko tufe?"

Alisema hivyo kwa mzaha, na akacheka mpaka wimbi likamwagika. Lakini Nyangau hakucheka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa kama mtu aliyeangukiwa na ndizi usingizini: kwanza maumivu, halafu shukrani.

Asubuhi aliieleza kamati. "Agizo linasema mshiriki. Halisemi popote kwamba mshiriki ni mwili mmoja. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Na dekathloni yenyewe, tukiitazama vizuri, ni Harambee ya viungo vya mwili. Mimi napendekeza mshiriki aitwe Okemwa Odero. Jumamosi awe Odero, Jumapili awe Okemwa."

Bwana Manasseh aliweka kikombe chini. Kisha uso wake ukakunjuka. Nusu mbili za watu dhidi ya Obwocha mzima! Lini nusu imemshinda mzima? Mshiriki wa pili atakuwa amepatikana, mashindano yatakuwa halali, na ng'ombe atabaki alipozoea.

"Imepitishwa," alisema. "Urefu wake uwe wastani wa wote wawili."

Nyangau alishuka Keroka akawakuta wote wawili kwenye gereji, kwa sababu alikuwa amemwita Okemwa huko. Odero alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana, naye Nyangau akaieleza miguu hiyo msimamo wa Serikali.

Miguu ilijikunja. Kisha Odero akajitokeza. "Ngoja. Mimi ni nani?"

"Wewe ni Okemwa Odero."

"Na huyu?"

"Naye ni Okemwa Odero."

Okemwa alikuna kichwa. "Tukishinda, hiyo ng'ombe ni ya nani?"

"Ya Okemwa Odero," alisema Nyangau, ambaye hakuwa amefika huko katika kufikiri kwake.

Wale wawili walitazamana. Walikuwa wanajuana kwa kupungiana mkono tu barabarani. Mmoja alimfikiria Persis, mwingine alimfikiria mtoto anayelia usiku kucha. Kila mmoja alijua kwamba peke yake hana kitu.

"Omera, ndugu yangu," alisema Odero, akifuta mkono kwa gunia na kuunyosha, "wewe ukimbie vizuri. Usiniaibishe mimi."

"Na wewe," alisema Okemwa, "usiniumize mguu Jumamosi. Nitauhitaji Jumapili."

Jumamosi uwanja ulijaa watu, ukiondoa Wasabato. Odero alikimbia mita mia na kumwacha Obwocha nyuma kama gari lililokwama. Aliruka mruko mrefu, akaruka juu, akashinda yote miwili, lakini kwa tofauti ndogo tu. Ilipofika zamu ya tufe, Obwocha alimchukua kiboko kwa kiganja kimoja, akambusu kwenye tabasamu, akamrusha mpaka karibu na vyoo. Kukawa na mzozo kama umbali upimwe kwenye sikio au kwenye mkia, na Bwana Manasseh akaamua kwamba kiboko hupimwa kwa sehemu iliyokwenda mbali zaidi. Mbio za mzunguko mmoja, Obwocha alikaza meno na kumpita Odero kwenye kona, kwa kuwa Odero alikuwa ameteleza kwenye ganda la ndizi ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi.

Jua lilipozama, Obwocha alikuwa anaongoza. Bwana Manasseh alimpigapiga mgongoni, na Obwocha akatoa sauti kama mlango wa zamani. Kila msuli wake ulikuwa unamwuma.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo kamati nzima haikuwa imeliona, wala Nyangau, wala hata Bochaberi. Obwocha alilala akiwa amechoka, akaamka akiwa amechoka zaidi. Okemwa Odero yeye aliamka Jumapili akiwa amepumzika sabato nzima, ameimba nyimbo, amekula vizuri, na hajatupa hata kijiwe.

Mgeni Rasmi alifika mapema, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, ambaye hakucheka wala kukunja uso. Alikaa, akatazama viunzi vya migomba, akasema, "Endeleeni."

Kwenye viunzi, Okemwa alipita juu kama moshi. Obwocha aliangusha kigogo cha kwanza, cha pili akakikumbatia, na cha tatu akakizunguka. Kwenye kisahani, Okemwa alirusha cha kwake salama. Obwocha alikusanya nguvu zote zilizobaki, akazunguka, akaachilia, na kile kisahani cha jiwe kikagonga mwamba kikapasuka vipande viwili, samaki akagawanyika kichwa huku na mkia kule.

Watu walisema, "Hicho hakihesabiki." Bwana Manasseh alisimama upesi, kofia ikamteleza.

"Kinahesabika! Pimeni kipande cha kwanza, pimeni kipande cha pili, jumlisheni. Vipande viwili vya kitu kimoja ni kitu kimoja. Huo ndio uamuzi wangu."

Mgeni Rasmi aligeuza miwani yake kumtazama, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia jambo la maana. Nyangau alijumlisha. Moyo wake ulikuwa umeanza kufanya kitu ambacho haukuwa umeagizwa: ulikuwa unamshangilia Okemwa Odero. Alijaribu kuuzuia, kwa kuwa afisa hana upande, lakini moyo haukusikia Kiswahili wala Ekegusii.

Halafu ukaja mwanzi. Okemwa alikuwa amezoea kuruka mifereji ya shambani kwa mti, akaushika mwanzi kama jembe, akakimbia, akapaa, akatua kwenye maranda huku akina mama wakipiga vigelegele. Obwocha naye alikimbia. Mwanzi ulipinda, ukamfikiria, ukamrudisha alikotoka. Ikaja zamu ya mkuki, na wake uliangukia karibu na kiatu chake mwenyewe. Na katika mbio za mwisho, zile ndefu, alizunguka uwanja mara moja, akaiona Landirova imeegeshwa kivulini, akaiendea, akaingia kiti cha dereva na kufunga mlango.

Okemwa alimaliza peke yake, mikono juu. Watu walivamia uwanja. Nyangau alijumlisha alama, akarudia kujumlisha, akasimama mbele ya kipaza sauti na kutangaza kwa sauti iliyomtoroka kidogo: "Mshindi, na mwanamume kamili wa Tarafa ya Riamogeni, ni Okemwa Odero!"

Bwana Manasseh alikuwa amegeuka rangi ya chai yake ya zamani. Alimsukuma Nyangau pembeni, kisha akamwendea Mgeni Rasmi kwa unyenyekevu.

"Mheshimiwa, kuna dosari ndogo ya kiutaratibu. Ng'ombe hawezi kukabidhiwa mtu ambaye hayupo. Okemwa Odero hayupo. Huyu ni Okemwa, na Odero ni mwingine. Mimi napendekeza ng'ombe aendelee kutunzwa kwangu mpaka mwenyewe apatikane."

Watu waliguna. Okemwa alisimama pale, kifua kinapanda na kushuka, na Nyangau alimwona akimtazama Persis kwenye umati kama mtu anayeaga. Wakati huohuo umati uligawanyika, akatokea Odero akikimbia, suti ya ubatizo mwilini, ua kifuani, wali ndevuni.

"Okemwa Odero ni nani hapa?" aliuliza Mgeni Rasmi.

"Ni mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Mgeni Rasmi aliwatazama mmoja mmoja, halafu wote. "Bwana Manasseh, ni nani aliyemkubali mshiriki huyu?"

"Kamati, Mheshimiwa."

"Mwenyekiti wake?"

Bwana Manasseh alivua kofia. "Mimi."

"Ulimkubali kama mtu mmoja?"

"Kwa madhumuni ya michezo, ndiyo."

"Na leo umetoa uamuzi mbele yangu kwamba vipande viwili vya kitu kimoja ni kitu kimoja."

"Ule ulikuwa uamuzi wa mawe, Mheshimiwa."

"Uamuzi wa Mkuu wa Tarafa hauchagui jiwe na mtu," alisema Mgeni Rasmi. "Mleteni ng'ombe."

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka Keroka. Mgeni Rasmi alingoja zitulie, kisha akauliza kwa sauti ileile isiyo na chumvi wala sukari: "Na ni nani aliyebuni wazo hili la kuunga watu wawili?"

Bwana Manasseh, akidhani mvua ya mawe inakuja, alinyosha kidole haraka. "Nyangau! Yeye peke yake! Mimi nilimwonya."

Nyangau alisogea mbele. Alifikiria kituo kile ambacho mpira haujafika. "Ni mimi, Mheshimiwa," alisema. "Yaani, kwa kweli, ni mke wangu. Alikuwa akipepeta wimbi."

Mgeni Rasmi alisimama, akamshika mkono, akautikisa kwa nguvu. "Bwana Nyangau, hili ni jambo kubwa. Mkoa umekuwa ukilitafuta kwa miaka. Umefanya kazi ya taifa."

Bwana Manasseh alisikia hivyo, akaruka kati yao kwa wepesi ambao ungempa alama nzuri kwenye viunzi. "Kwa uongozi wangu, Mheshimiwa! Kwa uongozi wangu! Mimi na Nyangau tulifikiri pamoja. Sisi hapa hatuna wewe na mimi. Mimi na Nyangau ni mtu mmoja!"

"Ndivyo?" aliuliza Mgeni Rasmi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaribia kutabasamu. "Hivyo ndivyo nilivyotumaini. Nitalifikisha."

Okemwa na Odero waliondoka na ng'ombe wao barabarani, watu wakiimba nyuma. Nyangau aliwafuata kidogo, maana alitaka kuona watagawanaje, na alikuwa tayari kupendekeza kamati. Haikuhitajika. Odero, aliyekuwa ameshika kamba, alipapasa tumbo la ng'ombe kama anavyopapasa injini.

"Huyu ana mimba," alisema.

"Kweli?" Okemwa naye akapapasa. "Kweli! Na wale wamekunywa maziwa yake hawakujua."

"Basi mpeleke kwa mkweo akaone hizo kwato. Mimi nitakuja na chupa kila asubuhi, kwa ajili ya mtoto. Akizaa, ndama ni wangu."

"Imekwisha," alisema Okemwa, na ikawa imekwisha hapo hapo njiani, kabla hata hawajafika mtoni.

Agizo lilikuja wiki iliyofuata. Kwa kuwa mkoa ulikuwa na upungufu wa magari, nyumba na viti, na kwa kuwa Tarafa ya Riamogeni ilikuwa imethibitisha hadharani kwamba watu wawili wanaweza kuwa mmoja na wakashinda, Mkuu wa Tarafa na Afisa wa Michezo waliunganishwa kuanzia siku ile kuwa ofisa mmoja kamili, Bwana Manasseh Nyangau. Mwanzo wa wiki angekuwa Manasseh. Kuanzia Alhamisi angekuwa Nyangau. Kiti kimoja, Landirova moja, kofia moja. Nyumba ya Serikali pia ilikuwa moja, lakini Bochaberi alitangaza kwamba hakuolewa na Mkuu wa Tarafa wala nusu yake, na akabaki kwake.

Siku ya Alhamisi Bwana Manasseh alikuja ofisini kwa mazoea. Askari wa mlangoni alimtazama bila kupiga saluti.

"Hunioni?"

"Samahani, mzee. Bwana Mkuu yuko ndani."

Bwana Manasseh aliondoka kwa miguu, njia nzima ya matope, na wakulima aliowapita walimsalimia kama wanavyomsalimia mtu yeyote: "Bwakire." Inasemekana aliitikia.

Ndani, Nyangau alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, kofia imemfika machoni. Mlango ulikuwa na kitasa, na ulifunga. Alikuwa ameufunga na kuufungua mara kadhaa kwa raha yake wakati mtu alipobisha. Akaingia mama wa makamo, khanga imelowa mpaka magotini, na ikaonekana amevuka mto mahali ambapo zamani palikuwa na daraja.

Kwa miaka yote, watu wa Riamogeni walijua njia ya malalamiko. Ukienda kwa Bwana Mkuu, anakuambia mwone Afisa Nyangau. Ukienda kwa Afisa Nyangau, anakuambia hilo ni la Bwana Mkuu. Unazunguka hivyo mpaka shida yenyewe inachoka na kukuacha. Ulikuwa utaratibu mzuri, na haukuwa umemwumiza ofisa hata mmoja.

"Bwana Mkuu," alisema yule mama, akiwa ameshageuka nusu kuelekea mlangoni, "nimekuja kuhusu daraja. Niambie tu nimwone nani, niende."

Nyangau alifungua kinywa kumwambia amwone Bwana Mkuu. Akakumbuka. Akafungua tena kumwambia amwone Afisa wa Michezo. Akakumbuka tena. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Chumbani kulikuwa na kiti kimoja, na aliyekuwa amekikalia ni yeye.

Jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. "Kaa, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo daraja limefanya nini?"

Yule mama alimtazama kwa hofu, akashika fremu ya mlango. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.